Majirani wa Siku 14

Kuanzia Oktoba hadi Mei, makali ya joto yanapopungua katika jangwa la kusini mwa California, Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree hufurika wageni. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,200 hivi, lakini nafasi za kupiga kambi zilizotengwa ndani yake ni kama 500 tu. Ikifika Ijumaa jioni ya msimu huo, kupata hata moja ni bahati. Kulala garini kando ya barabara za hifadhi ni marufuku. Basi wanaojua hutoka nje ya mpaka wakaenda kulala bure.

Bure hiyo ni halali. Sehemu kubwa ya ardhi ya umma ya Marekani, hasa upande wa magharibi, iko chini ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi, iliyoundwa mwaka 1946 na inayojulikana zaidi kwa herufi BLM. Inasimamia karibu kilomita za mraba 990,000, eneo linaloizidi Tanzania nzima. Pasipo na katazo, mtu yeyote anaweza kupiga kambi, kwa kawaida siku 14 ndani ya kila siku 28, kisha sharti ahame. Hakuna lango wala karani wa kukata tiketi. Hakuna bomba, choo wala pipa la taka pia, na hapo ndipo mila zinapoanza kazi.

Watu wenyewe ni mchanganyiko. Wapo wastaafu wanaokimbia theluji ya kaskazini, wapo wapanda miamba, maana mawe ya Joshua Tree yana sifa dunia nzima, na wapo waliohamia garini baada ya kushindwa na kodi ya nyumba. Maisha ya hao wa mwisho ndiyo aliyoyaandika Jessica Bruder katika kitabu chake *Nomadland* mwaka 2017. Filamu iliyotokana nacho, ya Chloé Zhao, ilishinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Mwenye gari la kifahari na mwenye kigari kilichochoka huegesha kwenye mchanga uleule, kila mmoja na maji aliyojibebea, angalau lita 4 kwa mtu kwa siku.

Kupata mahali ni elimu. Katika ramani za ardhi ya umma, eneo la BLM hupakwa njano, la watu binafsi huachwa jeupe. Kaskazini mwa hifadhi, kuzunguka miji ya Joshua Tree na Twentynine Palms, rangi hizo zimechanganyika vibaya. Sababu ni sheria ya mwaka 1938 iliyowawezesha raia kujipatia viwanja vya ekari 5 jangwani, kwa sharti la kujenga kibanda. Wengi walijenga, ukavu ukawashinda, wakaondoka. Baadhi ya vibanda vingali vimesimama vitupu, na mgeni akiviona hudhani uwanja hauna mwenyewe. Unaye. Ndiyo maana wazoefu wengi huelekea kusini, jirani na barabara kuu ya Interstate 10 na lango la Cottonwood, ambako ardhi ya umma ni pana.

Kufika nako kuna adabu zake. Huchagui palipo pazuri. Unachagua palipokwisha kukanyagwa, penye alama za magurudumu na duara la mawe la moto wa waliotangulia, kwa sababu udongo wa jangwa ukivurugwa huchukua miaka mingi kupona. Huegeshi kwenye korongo la mchanga hata kama mbingu ni nyeupe, kwani mvua iliyonyesha milimani mbali huleta maji bila kubisha hodi. Kuni unakuja nazo. Kinyesi kinafukiwa kwenye shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na kambi na njia ya maji, na karatasi unaondoka nayo. Jenereta inazimwa usiku.

Kwetu sisi tuliolelewa kwa ujirani wa kuombana chumvi, lililo gumu zaidi ni umbali. Mswahili akikuta gari moja katika uwanda mtupu ataegesha ubavuni mwake apate wa kuongea naye. Huko hiyo ni dharau. Unasogea mbali, mpaka sauti ya redio yako isimfikie mwenzio, na hupiti katikati ya kambi yake bila kumwita. Atakayetaka mazungumzo atakuja mwenyewe.

Kuna na uchoyo wa habari. Ukiuliza mtu alilala wapi, barabara atakutajia, kona atakuficha. Wana sababu: mahali palipotangazwa hujaa, taka hufuata, na mwishowe BLM huweka uzio na kibao. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono moja kwa moja. Siri hiyo hailindi ardhi peke yake. Inamfungia nje pia yule anayelala garini kwa ufukara na hana wa kumnong'oneza.

Siku 14 zikiisha, wengi huvuka mto Colorado hadi Quartzsite, Arizona, mji uliohesabiwa watu 2,413 mwaka 2020 lakini unaozingirwa na magari kila Januari. Hapo BLM ina eneo la La Posa, ambako kwa kibali cha msimu, kilichogharimu dola 180 kwa miaka mingi, mtu hukaa hadi miezi saba. Kuzunguka mji huo ndiko pia Bob Wells alikoanzisha mkutano wa Rubber Tramp Rendezvous, na hilo ndilo jando lao: wageni hufundishwa umeme wa jua, choo cha ndoo, na namna ya kuishi bila kumkera jirani. Makaburini mwa Quartzsite amelala Hadji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa na Jeshi la Marekani mwaka 1856. Amepata majirani wanaomfaa.

Nawe ukijaliwa kufika, chungulia chini ya gari kabla ya kuwasha injini, kwani kobe wa jangwani hupenda kivuli hicho. Ukimkuta, usimwinue. Akishtuka hukojoa maji yote aliyojiwekea, na huenda asipate mengine hadi mvua ijayo. Usiwashe gari, umsubiri aondoke.