Kinachoua si moshi, ni sumu ya makaa

Kila mwaka, baridi ya Juni hadi Agosti inapotanda Limuru, Kinangop, Molo na hata katika mitaa ya Nairobi, magazeti na redio zetu hazikosi taarifa za watu waliolala na jiko la makaa chumbani wasiamke tena. Mara nyingi husemwa kwamba marehemu "waliuawa na moshi". Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuyachunguza maneno. Naona kwamba neno hilo limewekwa pasipo mahali pake, na kwamba kosa hilo linawagharimu watu maisha.

Moshi huonekana. Huwasha macho, hukereketa koo na humfukuza mtu nje hata akiwa anasinzia. Lakini makaa yaliyokwisha kushika moto yakawa mekundu hayatoi moshi. Ndiyo maana mama huliwasha jiko uani, akalipepea, akangoja moshi uishe, kisha akaliingiza ndani bila wasiwasi. Kwa mujibu wa neno alilofundishwa, hatari imekwisha.

Kumbe kinachoua ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hutokea makaa yanapoungua bila oksijeni ya kutosha, na hujaa upesi katika chumba kilichofungwa mlango na dirisha. Ikivutwa, hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa na kichwa, akashikwa na kizunguzungu, kichefuchefu na unyonge. Aliyelala huenda asihisi lolote kati ya hayo.

Wapo watakaosema kwamba tatizo hapa ni umaskini, si msamiati. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mwaka 2018 serikali ilitoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ikidai kuwazuia walaghai wanaoyachanganya na dizeli. Mnyonge akaadhibiwa kwa hila za tajiri. Mnamo Julai 2021 gesi ya kupikia ikatozwa kodi ya ziada ya thamani ya asilimia 16. Kodi hiyo ilipunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, na ikaondolewa mwaka 2023. Hata hivyo, kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kujaza mtungi kwa mkupuo mmoja. Makaa huuzwa kwa mkebe, na jiko lile lile lililopika ugali ndilo huwaotesha watoto. Kumkemea mtu wa aina hiyo kwamba ni mjinga ni kumwonea.

Basi wakuu wa serikali watafute njia ya kumwezesha maskini kununua gesi kidogo kidogo, kama anunuavyo makaa. Nasi wenye kalamu na vipaza sauti tuache kusema "moshi". Tuseme "sumu ya makaa", jina ambalo hata mtoto ataelewa kwamba jiko jekundu lisilo na moshi bado lina sumu. Wataalamu wa hali ya hewa wanapotangaza baridi, watangaze na onyo hilo, kwa Kiswahili na kwa lugha za mama.

Kwa sasa, msomaji, pika, uote moto mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha litoe jiko nje kabla ya kulala, hata kama makaa yamefunikwa na majivu. Chemsha maji ukiwa bado na moto, uyatie katika chupa ngumu yakiisha kupoa kidogo, uifunge vyema na kuizungushia kitambaa, uiweke miguuni pa watoto. Wavishe soksi na kofia, uwalaze pamoja. Ukimkuta mtu amelegea karibu na jiko, mtoe kwenye hewa safi mara moja, umkimbize hospitalini apewe oksijeni. Usingoje kuona moshi.