Ukijiundia kompyuta ya michezo Lamu, anza na umeme

JE, umewahi kusimama kwenye gati la Mokowe ukingojea mzigo wako uingizwe botini? Basi fikiria kwamba mzigo wenyewe ni vipande vya kompyuta yako ya kwanza ya michezo, ulivyonunua kwa akiba ya mwaka mzima. Ukivuka hadi Amu, utachukuliwa kwa mkokoteni au mgongoni mwa punda, upite vichochoro vya Langoni au Mkomani mpaka nyumbani. Ukifungua ukakuta kipande kimoja hakikubaliani na kingine, itabidi kirudi Mombasa au Nairobi kwa njia ile ile.

Mwenzako wa Nairobi anaweza kushuka Luthuli Avenue asubuhi na kubadilisha kilichomkosea kabla ya jioni. Wewe wa visiwani huna nafasi hiyo. Isitoshe, una maadui watatu ambao wauzaji wa bara hawakutajii: umeme usiotulia, joto na chumvi ya bahari.

Vijana wengi huanza na kadi ya picha kwa sababu ndiyo inayofanya mchezo upendeze, kisha pesa zinazobaki hununulia chochote. Ukitaka ushauri wangu, geuza mpango huo.

Umeme kwanza

Mji wa Lamu ulitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, hadi ulipounganishwa na umeme wa taifa katika miaka ya 2010. Hata hivyo, umeme hukatika, na unaporudi huja kwa kishindo. Anayepokea kishindo hicho wa kwanza ni pawa saplai, kile kisanduku kinachogeuza volti 240 za ukutani kuwa volti 12 na chini yake. Cha bei ya kutupa kikiungua, kinaweza kuondoka na vipande vingine vyote.

Hivyo basi, tafuta chenye alama ya 80 Plus na jina linalojulikana. Mashine yenye kadi kama RTX 3060, ambayo hula wati 170, yatosha kwa pawa saplai ya wati 550. Na kama ndugu yako atakuletea kisanduku cha zamani kutoka ng'ambo, tazama nyuma yake. Kikiwa na swichi ndogo ya volti, hakikisha imewekwa 230. Ikiwa 115, kitalipuka siku hiyo hiyo.

Ongeza UPS. Usidanganywe na nambari kubwa iliyoandikwa juu ya kasha, kwani UPS ya VA 650 haibebi wati 650. Nyingi huishia karibu wati 360. Kazi yake si kukuwezesha kumaliza mechi gizani, bali kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Vipande viafikiane

Prosesa na ubao mama ni kama mlingoti na jahazi: lazima vichongwe kwa kipimo kimoja. Prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G huingia kwenye tundu liitwalo AM4 na hutumia kumbukumbu ya DDR4. Ryzen za mfululizo wa 7000, zilizotoka mwaka 2022, zina tundu la AM5 na hutaka DDR5. Ukichanganya, hakuna kitakachoingia. Andika majina haya kwenye karatasi na umsomee muuzaji kabla ya kulipa.

Chukua gigabaiti 16 za RAM katika vipande viwili vya nane nane, maana viwili hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja. Kwa uhifadhi, chagua SSD badala ya diski ya kuzunguka, ambayo pia huumia ikitikiswa njiani.

Siri ya Ryzen 5 5600G ni kwamba ina uwezo wa picha ndani yake. Unaweza kuanza bila kadi, ukacheza GTA V na michezo mingine ya zamani kwa picha za kadiri, huku ukiweka akiba. Kadi utaiongeza baadaye, pawa saplai ikiwa tayari inaisubiri. Haba na haba hujaza kibaba.

Joto na chumvi

Msimu wa kaskazi unajua mwenyewe joto lake. Kasha lenye kioo ubavuni hupendeza, lakini kioo na punda ni marafiki wabaya. Nunua kasha la chuma lenye matundu mbele, feni mbili au zaidi, na chujio la vumbi linalotoka ukaliosha.

Usiiweke mashine dakani wala kwenye dirisha linalotazama bahari. Upepo wa chumvi ukichanganyika na unyevu hula shaba na viunganishi polepole, na siku moja mashine haiwaki bila ya sababu kuonekana. Iweke chumba cha ndani, juu ya meza wala si sakafuni, na uifute vumbi kila mwezi ikiwa imezimwa na kuchomolewa.

Nanyi wazazi, msiharakishe kusema ni upuuzi. Mashine inayoweza mchezo mzito inaweza pia kuhariri video za harusi, kuchora ramani za nyumba na kujifunzia kuandika programu. Kijana anayeketi na karatasi, akajumlisha wati na kulinganisha matundu kabla ya kutoa shilingi, tayari amejifunza jambo.

Kwa hiyo msomaji, kabla ya kutuma pesa, uliza maswali matatu: Je, umeme wangu utahimilika? Je, vipande vinaafikiana? Je, vitastahimili hewa ya kwetu? Ukiwa na majibu, lipa. Ukikosa hata moja, ngoja. Boti ya Mokowe itakuwepo na kesho.