Kiwanda Kizima Juu ya Betri Moja

Katika eneo la viwanda la Ntinda, Kampala, kama ilivyo Nakawa na Namanve, uzima wa mashine hupimwa kwa chuma chake: mota ikizunguka na mkanda ukienda, basi ni nzima. Kipimo hicho kinapotosha. Chuma cha mashine ya kujaza chupa kinaweza kudumu miaka 40 kikitiwa grisi na kubadilishiwa beringi, ila kinachoiamuru mashine hiyo hakina umri huo. Kidhibiti chake, ambacho mafundi hukiita PLC, ni kompyuta ndogo iliyofichwa kabatini, na kompyuta huzeeka upesi. Siemens S5, iliyoingia sokoni mwaka 1979, haitengenezwi tena; anayehitaji kadi yake leo hutafuta iliyokwisha kutumika.

Joto na vumbi huchangia, kapasita hukauka, lakini hatari kubwa ni ndogo kwa umbo. Vidhibiti vingi vya rika hilo huhifadhi programu kwenye kumbukumbu inayotegemea betri ya lithiamu. Maadamu umeme upo, betri ikifa huwaka kitaa tu na kazi inaendelea. Siku umeme ukikatika, jambo lisilo geni Kampala, programu inafutika. Ukirudi, mota ni nzima lakini mashine haijui la kufanya. Tena fundi mwangalifu anayezima swichi kuu kabla ya kubadilisha betri anaweza kuifuta kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa betri hiyo hubadilishwa kidhibiti kikiwa na umeme. Na nakala? Ikiwa ilibaki kwenye laptopu ya mtaalamu aliyefunga mashine akarudi kwao, kiwanda hakina nakala.

Hatari nyingine ni virusi vya kompyuta. Meneja atasema mashine zake haziko kwenye intaneti, virusi vitapitia wapi? Vitapitia kwenye flashi ya fundi, au kwenye mashine mpya. Agosti 2018 TSMC ya Taiwan, kampuni kubwa ya kutengeneza chipu, ilisimamisha sehemu ya uzalishaji baada ya kirusi cha jamii ya WannaCry kuingia na kifaa kipya kilichofungwa bila kukaguliwa, kikasambaa kwenye kompyuta za Windows 7 zisizosasishwa. Kiraka cha kuziba upenyo ambao kirusi hicho hupitia Microsoft ilikuwa imekitoa tangu Machi 2017.

Hoja yake ya pesa ina uzito zaidi, na wanaohubiri kununua kila kitu upya huipita haraka mno. Mtambo mpya ni ghali, na leseni zake humfunga mwenye kiwanda kwa muuzaji. Lakini kati ya kununua upya na kuacha mambo yalivyo kuna njia pana. Bwawa la Nalubaale kule Jinja, lililofunguliwa 1954 likiitwa Owen Falls, halikubomolewa lilipozeeka. Lilikarabatiwa, na uwezo wake ukapanda kutoka megawati 150 hadi 180. Kiwanda cha Ntinda kinaweza kuanza na hatua ndogo kuliko hiyo: nakala ya programu, betri yenye tarehe ya kubadilishwa, kadi moja ya akiba. Mwenye kiwanda, Jumatatu muulize fundi wako mkuu nakala iko wapi na mara ya mwisho ilijaribiwa lini. Akisitasita, usingoje umeme ukatike.