Uundikaji wa Madini Ndani ya Visukuku na Utata wa Dhahabu ya Witwatersrand

Visukuku vingi si mabaki ya kiumbe yaliyokauka tu, bali ni madini yaliyochukua umbo lake. Kwa hiyo, iwapo madini yanaweza kuundika ndani ya kisukuku si swali gumu. Ugumu huanza pale madini yanayohusika yanapokuwa dhahabu.

Mfano ulio wazi ni pairiti, sulfidi ya chuma ambayo rangi yake ya manjano imewahadaa watafutaji dhahabu wengi. Katika miaka ya 1890, Charles Emerson Beecher wa Chuo Kikuu cha Yale alichimba tabaka jembamba la mwamba katika jimbo la New York na kupata trilobiti wa takriban miaka milioni 450, ambao hata miguu na papasi zao zilikuwa zimehifadhiwa kwa pairiti. Trilobiti hao walizikwa ghafla katika tope lisilo na oksijeni. Bakteria waliowaozesha walitumia salfeti ya maji ya bahari na kuzalisha sulfidi, nayo ikaungana papo hapo na chuma kilichokuwamo topeni. Sharti moja husahaulika: tope lenyewe lazima liwe na mabaki machache ya viumbe. Yakiwa mengi, pairiti hutawanyika kila mahali na mzoga haupati chochote cha pekee.

Opali ya Lightning Ridge, Australia, ilifuata njia nyingine, kwani maji yenye silika yalijaza uwazi ulioachwa na mifupa na makombe. Hapo kiumbe kilitoa kalibu tu. Katika Uwanda wa Juu wa Colorado, kinyume chake, kaboni ya magogo ya kale ilishiriki katika kuitoa urani kwenye maji, hata baadhi ya magogo yakachimbwa kama mbale.

Dhahabu nayo ni adimu mno katika maji ya kawaida. Husafiri zaidi katika maji moto, ikiwa imeungana na salfa au klorini, na mazingira hayo aghalabu huharibu visukuku. Hata hivyo, kaboni inaweza kuifanya iganduke, na hapo ndipo mgogoro wa Witwatersrand, Afrika Kusini, ulipozuka. Katika miamba ya huko, yenye umri wa karibu miaka bilioni 2.9, mna mishipa myembamba ya kaboni iliyojengwa kwa vijiti vilivyosimama wima, na ndani yake mna dhahabu. Katika miaka ya 1970, D. K. Hallbauer alivitafsiri vijiti hivyo kuwa mabaki ya kiumbe mfano wa laikeni, akakiita Thuchomyces lichenoides.

Wapinzani wake walidai kwamba kaboni hiyo ni mafuta ya petroli yaliyopenya katika mwamba na kugandishwa na mnururisho wa chembe za urani. Hoja hii ina uzito, kwa sababu kaboni yenye asili ya uhai huthibitisha chanzo cha kaboni tu, haithibitishi umbo. Petroli ni zao la viumbe, lakini si kisukuku. Kinachopaswa kuchunguzwa kwa hadubini ni mfuatano wa matukio: dhahabu iliyojaza nyufa zinazokata vijiti ilifika baada ya vijiti kuwa vigumu, hata kama vingekuwa vya laikeni kweli.