Seva inapozimia kwa kujaa kumbukumbu: Kwa nini fundi hapaswi kukimbilia swichi ya umeme

MKAZI wa Vitengeni anayefika kwenye saiba kuomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe huenda akajibiwa kwa maneno mawili tu: "Sistimu imelala."

Huwa amekwisha kutumia nauli, pengine amekwisha kulipa, na aghalabu hulaumu mtandao au umeme. Katika kituo hicho cha eneobunge la Ganze, magharibi mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, lawama hizo mara nyingi huwa na msingi. Hata hivyo, zipo siku ambapo umeme upo, tovuti nyingine zote zinafunguka, na kasoro iko mbali kabisa, ndani ya seva ambayo imejaza daftari lake yenyewe.

Jambo hili si dogo tena. Juni 2023 serikali ilizindua zaidi ya huduma 5,000 kwenye eCitizen, na hospitali, vyuo na kaunti nazo zina mitambo yake. Seva moja ikinyamaza, foleni husimama mahali pengi kwa wakati mmoja.

Zamani kila kazi ilipewa kompyuta yake. Siku hizi seva moja kubwa hugawanywa kwa programu maalumu, mathalani Proxmox, au ESXi ya VMware, kampuni iliyonunuliwa na Broadcom Novemba 2023. Ndani yake hukaa mashine pepe kadhaa: moja hutunza malipo, nyingine orodha ya wagonjwa, nyingine baruapepe. Ni mfano wa nyumba ya kupangisha yenye vyumba vingi na msimamizi mmoja.

Msimamizi huyo huandika kila kitu: nani ameingia, saa ngapi, diski ipi imechelewa kujibu. Nafasi ya kuandikia ina kikomo. Diski moja ikianza kuharibika, sentensi ile ile ya malalamiko yaweza kuandikwa maelfu ya mara kwa siku. Nafasi ikiisha, huduma ya usimamizi, ambayo haikubali kutenda jambo bila kuliandika, hukwama au huanguka. Fundi akijaribu kuingia, ukurasa haufunguki, na seva huonekana imekufa.

Hapo ndipo kosa kubwa hutendeka, nalo ni kukata umeme. Msimamizi amezimia, lakini wapangaji mara nyingi wangali wanapika. Mashine pepe zinaendelea na kazi. Kuzizima ghafla katikati ya kuandika kwaweza kuharibu hifadhidata ambayo haikuwa na tatizo lolote. Isitoshe, seva zinazowaka kutoka kwa kadi ndogo ya kumbukumbu au flashi huenda zikahifadhi daftari la matukio katika kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatwa, ushahidi wa chanzo cha tatizo hutoweka.

Fundi mwenye subira huanza kwa kuuliza kama huduma zilizomo ndani bado zinajibu. Kisha huingia kwa skrini na kibodi ya seva yenyewe, au kwa SSH, na kutumia amri ya df kutazama sehemu ipi imefika asilimia 100. Katika vCenter, mtambo wa VMware unaosimamia seva nyingi kwa pamoja, mshukiwa wa kwanza ni sehemu iitwayo /storage/log. Mara chache df huonyesha nafasi tele ilhali mfumo unadai hakuna. Yawezekana faili ndogo zimekuwa nyingi mno hata mfumo ukaishiwa nambari za kuzisajili.

Kufuta nako kuna taratibu zake. Faili za zamani hunakiliwa kwanza kwenye diski nyingine, ndipo zinaondolewa. Faili ambayo programu ingali inaiandikia haifutwi bali hukamuliwa yaliyomo, kwa sababu ikifutwa nafasi yake hairudi mpaka programu iiachilie. Fundi wengi wamefuta gigabaiti kadhaa, wakatazama tena, wakakuta asilimia ni ile ile.

Tahadhari nyingine ni kuhusu kumbukumbu za miamala ya hifadhidata. Hizo zinafanana na daftari la kawaida kwa jina tu. Ni sehemu ya data zenyewe, na anayezifuta kwa mkono huenda asiifufue hifadhidata hiyo tena.

Nafasi ikipatikana, kinachowashwa upya ni huduma ya usimamizi peke yake, si seva nzima. Kwenye ESXi ni hostd na vpxa, na kwa kawaida mashine pepe hazihisi lolote. Hali ni tofauti endapo kumbukumbu zimewekwa pamoja na diski za mashine pepe. Hapo nafasi ikiisha wapangaji nao husimama, na hawaendelei hadi nafasi ipatikane.

Hata makampuni makubwa hukumbwa na uhaba wa nafasi. Agosti 29, 2023, Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya kuunda magari nchini Japani. Kampuni ilieleza baadaye kwamba katika ukarabati wa kawaida wa Agosti 27, data zilizolimbikana zilikuwa zikifutwa na kupangwa upya, nafasi ya diski ikaisha, na seva za maagizo ya vipuri zikasimama. Seva za akiba zilikuwa kwenye mfumo uo huo, nazo zikakwama vivyo hivyo. Hakukuwa na mdukuzi wala moto.

Baada ya seva kuamka, kazi ngumu ndiyo huanza: kumtafuta aliyekuwa akipiga kelele daftarini. Asipopatikana, nafasi iliyofunguliwa leo itajaa tena baada ya wiki chache. Aidha, kumbukumbu hutumwa kwenye seva nyingine, faili za zamani huzungushwa na kufutwa kwa ratiba, na onyo huwekwa litoke nafasi ikifika, tuseme, asilimia 80.

Naye mkazi wa Vitengeni aliyekwisha kulipa asilipe mara ya pili. Ujumbe wa M-Pesa wenye nambari ya muamala autunze, kwani ndio utakaotumiwa kulitafuta ombi lake seva itakaporejea.