Limonadi ya rangi: ndimu zisioze, feza ibaki nyumbani



Kila mwaka tunaona jambo moja. Wakati ndimu zinaiva, zinaiva kwa wote siku moja. Soko linajaa, bei inaanguka, mnunuzi anasimama mbele ya beseni na kusema: «Mama, punguza basi, mbele kuko wengine.» Mama anapunguza. Jioni inafika, njia ni ya matope, kubeba beseni kurudi nalo nyumbani ni mateso, njo unaona matunda yamemwagwa kando ya barabara. Siku ileile, ku duka la karibu, mtoto wake ananunua kifuko cha unga wa rangi nyekundu, anautia mu maji ya bomba au ya ziwa, anakunywa. Feza imetoka nyumbani, na tunda limebaki kuoza.

Katika karatasi hii tunataka kusema juu ya kitu kimoja kidogo ambacho kinaweza kupunguza hasara hiyo: limonadi ya matunda, yenye rangi nzuri, inayotengenezwa mu jiko la nyumbani. Haiombi mashini. Inaomba ndimu, sukari, maji safi, matunda ya rangi, na mikono iliyonawa. Lakini inaomba pia hesabu, na inaomba usafi usio wa mchezo. Tutasema yote matatu.

Maji kwanza

Sisi wa mashariki ya Kongo tunajua kolera. Haiishi kando ya Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, na wakubwa hawajasahau Goma ya mwaka 1994. Kwa hiyo usianze na tunda, anza na maji.

Maji yote yatakayoingia katika limonadi yachemshwe. Yakianza kububujika kwa nguvu, hesabu dakika 1. Kwenu juu mulimani, ambako maji yanachemka mbele ya kupata moto wote, hesabu dakika 3. Kisha funika, yapoe ndani ya chombo kilekile. Wengine wanasema: «Ndimu ni kali, inaua mikrobi.» Ni kweli kwamba vidudu vingi havipendi ukali wa ndimu, lakini usiweke maisha ya mtoto juu ya neno hilo. Ndimu haiwezi kuchukua nafasi ya moto.

Barafu pia ni maji. Kama hujui ilitengenezwa na maji gani, usiitie.

Na bidoni? Bidoni au chupa iliyobeba dawa ya shamba haiingii katika kazi hii hata siku moja, hata ukiiosha mara kumi. Hiyo toboa, isirudie mu jiko.

Limonadi ya mwanzo: litri 5

Hii ndiyo mama wa rangi zote. Tayarisha:

- maji ya ndimu, mililitri 400 (karibu ndimu ndogo 20, au kubwa 10);
- sukari, grama 500;
- maji ya matunda ya rangi, litri 1;
- maji yaliyochemshwa, litri 3 na kidogo, mpaka jumla ifike litri 5.

Osha ndimu kwa maji safi mbele ya kukata, juu ya kisu kinabeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani. Viringisha kila ndimu juu ya meza kwa kiganja, au iweke kidogo mu maji ya uvuguvugu: itatoa maji mengi zaidi. Kamua kwa mkono, usiponde. Mbegu na ile nyama nyeupe ya ganda njo vinaleta uchungu ambao sukari haiwezi kufunika.

Sukari usiitupe mu maji baridi. Chukua nusu litri ya maji, itie mu sufuria pamoja na sukari yote, weka juu ya mbabula, koroga mpaka iyeyuke, kisha ondoa. Ukipenda harufu, tia vipande vichache vya tangawizi iliyopondwa wakati sukari ingali ya moto, halafu chuja. Namna hii sukari haikai chini ya chombo, na hutaongeza nyingine bila sababu.

Changanya sukari iliyopoa, maji ya ndimu, maji ya matunda na maji mengine. Onja. Kama ni kali sana, ongeza maji mbele ya kuongeza sukari. Watoto wetu hawahitaji sukari nyingi, na mgonjwa wa diabeti aambiwe wazi kwamba iko na sukari.

Sufuria ikuwe ya inoksi au ya emaye isiyobanduka. Ukali wa ndimu unakula chuma, shaba, aluminiamu na zile ndoo za bati. Kinywaji kitachukua ladha ya chuma na rangi itakuwa nyeusi-nyeusi.

Rangi tano kutoka shamba letu

Nyekundu. Hapa bisapu ndiyo mfalme, ule ua mwekundu wa ngai-ngai. Chukua grama 50 za bisapu kavu, suuza haraka, mwagia litri 1 ya maji ya moto, funika dakika 10 mpaka 15, chuja. Usichemshe muda mrefu, rangi itafifia. Bisapu yenyewe ni kali, kwa hiyo punguza ndimu kwa nusu: mililitri 200 zinatosha. Utaona jambo la kupendeza: ukitia ndimu, wekundu unang'aa zaidi. Rangi ya bisapu inapenda ukali. Ukiitia kitu cha magadi, itageuka ya samawati chafu.

Manjano. Maracuja au nanasi. Wa Lubero na Beni wako na maracuja, wa Idjwi wanajulikana kwa mananasi yao, kila mtu aanze na ya kwao. Maracuja 20 zinatosha: pasua, toa ndani kwa kijiko, tia maji kidogo, koroga kwa mkono, chuja, kisha ongeza maji mpaka litri 1. Ukitumia mikseri, usisage mbegu, zinaleta vidoadoa vyeusi na uchungu.

Waridi mpaka zambarau. Prini ya Japani. Jina ni la Japani, lakini mti huu asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, njo maana unapenda baridi ya milima yetu. Chagua zile zenye utelezi mwekundu kuzunguka mbegu. Kata katikati, toa nyama kwa kijiko na uache ganda, ganda ni chungu. Ponda na maji kidogo, chuja. Kama rangi haitoshi, vipande viwili vya beterave iliyooshwa sana na kuchemshwa vitasaidia, bila kubadilisha ladha.

Rangi ya chungwa. Papai lililoiva, lenye nyama nyekundu, pamoja na machungwa. Lakini sikia vizuri: papai haliko na ukali. Sawa vile tikiti na ndizi. Peke yake linaharibika mbio na linaweza kulea vidudu vibaya. Limonadi ya papai usipunguze ndimu yake, na usiifunge mu chupa kwa kuiweka. Ni ya kunywa siku ileile.

Kijani chepesi. Mchaichai, ambao wengi wanauita sitroneli. Fungu moja la majani, lioshwe, likatwe, limwagiwe maji ya moto, lifunikwe. Rangi si kali, ni ya kijani inayoelekea manjano, lakini harufu inaita watu kutoka barabarani.

Kwa arusi na sherehe kuko mchezo mzuri wa kilauri chenye rangi mbili. Tengeneza bisapu yenye sukari nyingi kidogo, nzito. Itie chini ya kilauri. Kisha mimina limonadi ya manjano yenye sukari kidogo, polepole, juu ya mgongo wa kijiko. Yenye sukari ni nzito, inabaki chini. Nyepesi inakaa juu. Hakuna uchawi, ni uzito tu. Mgeni anakoroga mwenyewe.

Kunywa leo au kuweka?

Hapa ndipo vikundi vingi vinaumia. Limonadi isiyopikwa ni ya siku moja. Asubuhi unatengeneza, jioni imekwisha. Ikilala mu joto, sukari na chachu vinaanza kazi yao: inatoa povu, inakuwa pombe, na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka usoni mwa mtu.

Ukitaka kuiweka siku kadhaa, na iwe ile ya bisapu, maracuja au nanasi pamoja na ndimu, fanya hivi:

1. Osha chupa za vioo na vifuniko vyake, vichemshe mu maji dakika 10. Chupa za plastiki haziwezi, zinajikunja kwa moto.
2. Pasha limonadi mpaka vipovu vidogo vianze kupanda pembeni ya sufuria, lakini isichemke. Ishikilie pale dakika chache. Ladha itabadilika kidogo na sehemu ya vitamini C itapotea, ndiyo gharama yake.
3. Jaza chupa zingali za moto, karibu mpaka juu, funga mara moja, zilaze upande dakika 3 ili kifuniko nacho kipate moto.
4. Ziache zipoe polepole juu ya kitambaa. Usizitie mu maji baridi, zitapasuka.
5. Weka mahali pa giza. Jua linakula rangi.

Andika tarehe juu ya kila chupa. Mara ya kwanza, usiuze: weka chupa chache siku 7 na uziangalie kila asubuhi. Kama kuko povu, hewa inayosukuma kifuniko, au ukungu, mwaga yote na urudie usafi wako. Usionje «kidogo tu ili kuona». Chupa ikifunguliwa, inyweshwe siku ileile.

Hesabu ya kikundi

Sasa tuongee feza. Chukua mfano huu wa litri 5 za bisapu. Bei tumeziweka ili kuonyesha namna ya kuhesabu. Wewe tia bei ya soko lako.

- Sukari grama 500: franka 2.000
- Ndimu 10: franka 1.000
- Bisapu: franka 500
- Makala: franka 500
- Sabuni na kuosha chupa: franka 500

Jumla: franka 4.500.

Litri 5 zinatoa chupa 15 ndogo za santilitri 33. Moja inapotea mu kuonja na kumwagika, inabaki 14. Ukiuza kila moja franka 500, unapata 7.000. Toa 4.500, inabaki 2.500.

Watu wengi wanasimama hapo na kufurahi. Usisimame. Kama chupa 4 zimebaki bila mnunuzi, umeuza 10, umepata 5.000, faida ni franka 500 tu kwa asubuhi nzima ya mama wawili. Chupa moja ya kioo isiporudi, faida yote imekwenda. Kwa hiyo kinachoua kazi hii mara nyingi si bei ya sukari, ni chupa zisizouzwa na chupa zisizorudi. Tafuta wanunuzi mbele ya kuwasha moto: siku ya soko, siku ya mkutano, kutoka kwa misa, arusi iliyokwisha kutangazwa. Na mteja anywe palepale, mu kilauri, au aache feza ya chupa.

Jambo la pili: ndimu za shamba lako pia ziandikwe na bei yake. «Hizo ni za kwetu, ni bure» si hesabu. Kama kikundi hakiwezi kulipa ndimu kwa mwanamemba wake, basi mwanamemba ndiye anayelisha kikundi, naye atachoka siku moja na kuondoka.

La tatu: daftari ikae kwa mtu mmoja, feza kwa mwingine. Tunajua kwa nini.

Na kama mnaota kuingia mu maduka ya mji, na chupa zenye jina lenu, mwende kwanza kuuliza Office Congolais de Contrôle namna ya kupimisha kinywaji, mbele ya kuchapisha etiketi.

Mwisho

Hatusemi limonadi itatajirisha kijiji. Beseni moja la ndimu halitajenga nyumba. Lakini tofauti kati ya beseni lililomwagwa kando ya njia na chupa 14 zilizouzwa inaweza kuwa daftari za mtoto, au sabuni na mafuta ya wiki. Na hata usipouza tone moja, mtoto wako atakunywa rangi iliyotoka mu ua na mu tunda, katika maji uliyoyachemsha wewe mwenyewe.

Jina la kikundi linajengwa polepole na linaanguka kwa chupa moja mbaya. Anzeni na litri 5, si 50. Mu mkutano unaokuja wa ushirika, kila kikundi kilete chupa moja na karatasi ya hesabu yake. Tutaonja, na tutasoma pia.

Kazi njema, na mikono ibaki safi.