Kabla ya Ekzosi Mpya, Fungua Plagi

Pikipiki ya Boxer au TVS iliyobeba abiria Dar es Salaam kwa miaka kadhaa hupakiwa kwenye lori, ikaoshwa, ikauzwa Mbeya. Wiki haiishi, mnunuzi anaanza kulalamika: inakula mafuta, inatoa moshi mweusi, mlimani haina nguvu. Kijiweni hakosekani wa kumshauri afunge ekzosi ya wazi. Akikubali, mtaa mzima utajua anapopita, na mlima utabaki kumshinda.

Injini ya petroli huchoma vizuri ikipata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Mbeya iko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyopangwa Dar haifidii upungufu huo wote, kwa hiyo mafuta yanazidi hewa. Nguvu kiasi hupotea kwa sababu ya mwinuko wenyewe, na hiyo hakuna fundi wa kuirudisha kwa bisibisi. Ila moshi na ulaji wa mafuta vina dawa.

Plagi ndiyo shahidi wa kwanza. Ikitoka na masizi meusi makavu, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi na injini inapata joto la hatari. Rangi ya kahawia iliyopauka inaonyesha mambo yako sawa. Hata hivyo, chujio la hewa lililoziba vumbi nalo huleta masizi, na mpira wa kabureta uliopasuka huingiza hewa ya wizi na kuharibu silensa, yaani mzunguko wa injini kabla hujavuta mafuta. Vitu hivyo viwili vikaguliwe kwanza. Anayenunua jeti mpya, kile kipande chenye tundu la kupimia mafuta, huku chujio limejaa vumbi la barabarani anatupa pesa.

Ndani ya kabureta kazi zimegawanywa. Jeti ndogo hutawala silensa na mwanzo wa kuvuta mafuta. Sindano hushika sehemu ya katikati. Jeti kubwa huanza kutawala mkono unapopita robo tatu. Pikipiki inayokwama ikitoka tu kwenye mataa haiponywi kwa kubadilisha jeti kubwa, ingawa hilo hufanyika kila siku. Jeti zina namba, na kwa jeti za aina moja namba kubwa ni tundu kubwa. Ukipanda nyanda za juu, shuka namba moja, jaribu, kisha fungua plagi tena. Kutanua tundu kwa waya au msumari ni uharibifu, kwa sababu halina namba tena na halirudi.

Wamiliki wa Kawasaki KLR650 za kabureta huko Marekani walikuwa na tatizo la upande wa pili. Pikipiki hizo zilitoka kiwandani zikipewa mafuta kwa ubahili ili zitimize sheria za moshi, na sindano yake haikuwa na ngazi za kuipandisha. Wakaweka washa ndogo chini ya kichwa cha sindano, wakaiita kazi hiyo marekebisho ya senti 22. Injini ikaacha kusitasita, kwa gharama ndogo kuliko soda.

Ekzosi ya wazi hubadilisha utokaji wa moshi, kwa hiyo nayo hudai kabureta ipangwe upya. Kwa injini ya cc 125 au 150, faida yake kubwa ni kelele.

Fedha ya ekzosi hiyo ingefaa zaidi kwenye shokapu. Pikipiki ya bodaboda hubeba abiria wawili na gunia, hivyo springi za nyuma huchoka na sili za mbele huanza kuvuja oili. Kampuni kama YSS ya Thailand hutengeneza shokapu za pikipiki ndogo, lakini chagua springi kwa uzito unaoubeba kweli. Iliyo ngumu mno itarusha tairi kwenye matuta. Kabla ya kununua, jaribu kuzungusha ringi ya kukazia springi, badilisha oili ya shokapu za mbele, na pima upepo wa tairi. Mara nyingi safari hutulia hapo hapo.

Na ukibadilisha jeti, mwambie fundi akurudishie ile ya zamani, uiandike namba na kuihifadhi. Siku pikipiki itakaporudi pwani, utaihitaji.